Pawa Niliyoipeleka Kwenye Mazishi ya Mama Akoth

Habari hii huwa naisimulia nusu. Nikifika pale jenereta inapoanza kukohoa najifanya simu imeita, nainuka, natoka nje, na nikirudi watu wameshahamia mambo mengine. Leo nitaimaliza, kwa sababu nyinyi ni marafiki zangu na kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia kwa midomo ya watu wengine ikiwa imetiwa chumvi (kuna wanaosema nilichoma jeneza, sikuchoma jeneza, jamani), ingawa nikisema ukweli, ile yenyewe haikuhitaji chumvi. Kuna mahali mtacheka. Chekeni tu, siku ile pia walicheka.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya upili karibu na Awendo. Kazi yangu ni kuosha chupa, kupanga mizani na kuhakikisha kidato cha pili hawanywi asidi. Lakini mapenzi yangu ni umeme mdogo, yaani redio, taa za kujiwasha zenyewe, kengele ya banda la kuku, vitu vya kukaa nao mezani na waya na mita mpaka chai inapoa. Tuko kikundi cha wapenzi wa mambo hayo, watu wa Migori na Homa Bay, tunakutana Jumapili moja kila mwezi mjini Homa Bay nyuma ya duka la Ouma anayetengeneza simu, na siku zingine tunapigiana kelele kwa WhatsApp. Humo ndani jina langu ni Madam Vipimo, kwa sababu mtu akisema kifaa fulani ni kizuri mimi huuliza, umekipima na nini? Nilikuwa nalipenda hilo jina sana. Nalitaja ili mjue nilianguka kutoka urefu gani.

Sasa, Ouma alikuwa ameagiza pawa ndogo. Pawa ndivyo tunavyokiita kile kisanduku cha mezani kinachochukua stima ya ukutani na kukupa umeme kiasi unachotaka: unazungusha kitufe, unasoma namba kwenye kioo, ukitaka volti tatu unapewa tatu, ukitaka kumi na mbili unapewa kumi na mbili, mwisho wake thelathini. Hii ilikuwa ndogo kuliko Biblia ya madhabahuni, nyepesi, ina mpini wa kubebea, na kila mtu kwenye kikundi aliitaka. Lakini kwanza ipimwe, na atakayeipima ni nani kama si Madam Vipimo? Basi ikaletwa kwangu Awendo, nami nikaandika karatasi ya vipimo saba na kuibandika ukutani maabara.

Nilianza vizuri, hilo mnipe. Nikaweka mita yangu kuona kama namba za kwenye kioo ni za kweli, zilikuwa za kweli. Nikaibebesha mzigo mzito, volti zikashuka kidogo tu, kitu cha kusamehewa. Nikagusanisha nyaya zake mbili kwa makusudi, ikajizuia bila kulalamika. Nikaiacha ikifanya kazi vipindi viwili vizima, nikaishika mgongo, ilikuwa na joto la chapati iliyosahaulika kwenye sahani. Kwa siku tatu nilipima hivyo, nikiandika kila kitu, mpaka Jumatano alasiri ikabaki namba saba peke yake: stima ikipotea kifaa kikiwa kazini, halafu ikarudi, pawa inaamka vipi? Inaamka imezima, ikungoje wewe? Au inaamka na kumwaga umeme yenyewe?

Huku kwetu, ambako stima hupotea na kurudi kama mtu aliyesahau mwavuli, hicho ndicho kipimo kilichopaswa kuwa namba moja. Nilikuwa nataka kukirudia mara kumi. Nilikuwa nimeshaunganisha balbu ndogo ya kufanyia jaribio. Halafu kengele ya chai ikalia, na mimi nawajua walimu wa shule yetu, ukichelewa dakika tano mandazi yote yamekwisha unabaki kuangalia makombo kwenye sinia, na mchana sikuwa nimekula. Nikajiambia, kifaa kilichopita sita kitashindwaje na cha saba? Nikachukua kalamu nikaweka tiki. Nikaenda nikala mandazi mawili, yalikuwa ya moto, na jioni ile nikawaandikia kikundi: *Imepita yote saba. Agizeni bila wasiwasi.* Watu wakanitumia vidole gumba hadi simu ikapata joto.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na msiba. Mwalimu Okumu, aliyenifundisha fizikia, alikuwa amefiwa na mkewe, mama Akoth. Mwalimu huyu ndiye aliyenipa redio mbovu nikiwa kidato cha kwanza akaniambia niifungue, nisiogope, haiwezi kufa mara mbili. Bila yeye mimi leo singejua hata betri inaingia upande gani. Miaka kadhaa iliyopita aliugua koo, madaktari wakalazimika kuondoa kile kiungo cha sauti, akabaki anapumulia tundu lililo shingoni na kuongea kwa kifaa kidogo kama tochi. Anakibonyeza chini ya taya, kinanguruma, na yeye anaumba maneno kwa mdomo. Sauti yake ni kama ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, haipandi wala haishuki, lakini ukiizoea unasikia kila neno.

Mtu mmoja tu hakuhitaji ile tochi. Mama Akoth alikuwa akimtazama midomo na kumjibu, mwalimu akisema na hewa tupu, mama akicheka, akibisha, akimwambia hapana hiyo si kweli. Ukiwatembelea unaona mazungumzo ya watu wawili na unasikia ya mtu mmoja.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, nyumbani kwao, ndani kidogo kutoka Rodi. Nilikuwa nimepanga nikitoka hapo nipitilize mpaka Homa Bay kwa dada yangu, nilale huko, Jumapili niwaonyeshe kikundi pawa yao. Ndiyo sababu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Mtu anaenda kuzika na pawa ndani ya mkoba, imefungwa kwa leso, na haoni ajabu.

Nilifika hema limejaa, kwaya inaimba, nikaingia ndani kumsalimia mwalimu. Alikuwa amekaa kwenye kitanda amevaa suti nyeusi, ameshika daftari na kalamu, na binti yake Akoth amepiga magoti mbele yake anamfunga kamba za viatu. Nikamwambia pole, mwalimu akatikisa kichwa, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka.

"Betri imekufa," Akoth akaniambia. "Amesalimia watu wiki nzima. Na stima haiko tangu Jumatatu, ile mvua iliangusha nguzo."

"Si kuna jenereta huko nje?"

"Iko, lakini hii betri inataka masaa matatu kwa chaja, na yeye anaongea baada ya kwaya mbili." Akamalizia kamba, akainuka. "Si mbaya. Baba ataandika, mimi nitasoma. Tumeshakubaliana."

Jamani, mambo yalikuwa yameshatengenezwa. Baba ataandika, binti atasoma. Ningesema sawa nikaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nilimwona mwalimu wangu na lile daftari, mtu aliyekuwa akituliza darasa la watu hamsini kwa neno moja, nikaona uchungu, na ndani ya ule uchungu (nimejichunguza sana tangu siku ile, nawaambia ukweli) kulikuwa na kiburi kidogo kimejificha, cha mtu aliye na dawa kwenye mkoba.

"Hakuna haja ya kusoma," nikasema. "Niko na pawa."

Nikaifungua ile leso. Nikaeleza: tunatoa betri kwenye kifaa, tunashika pale ndani kwa vibanio viwili, chekundu na cheusi, pawa inatoa volti zilezile za betri, na mwalimu anaongea hata siku nzima akitaka. Akoth akakitazama kisanduku, akanitazama mimi.

"Hiyo haiwezi haribu kifaa chake? Kiko kimoja tu."

"Nimeipima mimi mwenyewe," nikasema. "Vipimo saba."

Sikusita hata kidogo. Tangu Jumatano nilikuwa nimeshairudia kauli hiyo mara nyingi hivi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuikumbuka ile balbu ikiwaka na kuzimika, balbu ambayo haikuwahi kuwaka.

Tukajaribu palepale na stima ya jenereta. Nikaweka volti saba na kidogo, mwalimu akapeleka tochi chini ya taya, akabonyeza. "Moja. Mbili. Tatu," ikasema ile sauti ya nyuki, na akina mama waliokuwa mlangoni wakapiga makofi. Mwalimu akanigeukia. "Ero kamano, nyathina," akasema, asante mwanangu, na akaliweka daftari kitandani bila kuandika kitu.

Tukavuta waya wa jenereta mpaka mbele, pawa ikiwa bado imechomekwa, nikaiweka juu ya meza ndogo yenye maua, kando kabisa ya jeneza. MC wa shughuli, mtu mcheshi ambaye hawezi kuacha kitu kipite, akauliza kwa maiki hiki kisanduku ni cha nini, na badala ya kumwambia kwa sikio akanipa maiki. Nikaipokea! Nikasimama mbele ya umati ule wote, mama wa watu amelala hapo, nikawaeleza volti. Nikawaambia kwamba leo mwalimu ataongea kwa sababu ya umeme mdogo, kwamba kifaa hiki nimekipima mwenyewe katika maabara, kwamba hakina shida yoyote. Nadhani nilitumia dakika mbili. Ukizihesabu mazishini, dakika mbili ni ndefu sana.

Kisha mwalimu akasimama. MC akamshikia maiki karibu na mdomo.

"Watu walidhani nyumba yetu ni ya huzuni," akasema, "kwa sababu ni kimya. Haikuwa ya huzuni." Hakuwa na karatasi, hakuwaangalia watu, alikuwa anaongea na jeneza. "Siku tulitoka hospitali, mimi sina sauti, nikaona maisha yamekwisha. Tukakaa kwa benchi pale nje tukingoja gari. Huyu mama akanishika mkono. Akaniambia..."

Hapo jenereta ikakohoa.

Ilikuwa imeishiwa petroli, au hewa imeingia, sijui mpaka leo. Ikakohoa mara mbili, spika zikanyamaza, tochi ya mwalimu ikanyamaza, kioo cha pawa kikawa cheusi. Huko nyuma nikaona mwenye jenereta anakimbia. Mwalimu hakuondoa mkono. Alibaki vilevile, tochi chini ya taya, kidole kwenye kitufe, mdomo wazi kidogo, mtu anayengoja amalizie sentensi. Na mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwa ile meza. Nilikuwa na muda wa kutosha kuchomoa kibanio kimoja. Lakini mtu aliyesema mbele ya watu kwamba kitu hakina shida anaanzaje kukimbilia kukichomoa? Nikasimama, nikaweka uso wa kujiamini.

Jenereta ikanguruma ikawaka. Kioo cha pawa kikawaka nacho, na nikaziona namba kabla sijasikia chochote. Hazikuwa saba. Pawa ilikuwa imesahau kila nilichoiambia, ikaamka na thelathini, na ikaanza kumwaga papo hapo bila kumngoja mtu.

Tochi ilipiga kelele. Sina neno lingine, ilipiga kelele kama nguruwe anayeshikwa mguu, na maiki ilikuwa pale pale, kwa hiyo spika zote nne zikapiga kelele. Kisha paf, moshi mwembamba, na harufu ya plastiki inayoungua. Mwalimu akaruka, akaitupa kwenye nyasi, akashika shingo yake. Na watu wakacheka. Si wote, na si kwa ubaya, ni ile sauti tu iliwavamia, lakini kicheko kilianzia nyuma kwa vijana kikapita katikati na kuna mzee wa kanisa mstari wa mbele nilimwona akiuma leso yake.

Kisha kikakatika chote kwa pamoja, kwa sababu mwalimu alikuwa bado anaongea.

Alikuwa amegeukia jeneza. Midomo yake ilikuwa inacheza, taratibu, neno baada ya neno, anamalizia alichokuwa anasema, na hakuna aliyejua ni nini. Akoth akasogea, akamkazia macho, nikamwona anajaribu kufuata, anashindwa, anajaribu tena. Watu wakainama mbele kwenye viti vyao kana kwamba tatizo ni umbali. Katika hema lile lote hapakuwa na mtu anayeweza kusoma ile midomo. Aliyeijua ndiye tuliyekuja kumzika.

Na mimi je? Mimi nilikuwa kwenye nyasi. Nilikuwa nimepiga magoti na gauni langu jeusi, naipuliza ile tochi, naigonga kwenye kiganja, huku nasema, "Ngojeni kidogo, ngojeni, pengine ni fyuzi tu." MC alikuwa ameshusha mkono wenye maiki, ikawa inaning'inia karibu na kichwa changu, kwa hiyo wakati mwalimu anaagana na mkewe, sauti iliyosikika boma zima mpaka barabarani ilikuwa yangu, ikisema pengine ni fyuzi tu.

Akoth akaja akasimama juu yangu. Hakupaza sauti.

"Madam," akasema, "ondoka hapo. Tafadhali. Ondoka."

Nikaondoka. Kwaya wakaanza wimbo bila kuambiwa, Mungu awabariki. Nikapita katikati ya viti nikiwa nimebeba pawa na waya wake unaburuta nyuma yangu, na watu wakiinua miguu kuupisha. Nikaenda mpaka nyuma ya jikoni kwa akina mama wanaoosha vyombo, nikashika sufuria nikaanza kusugua, na hakuna aliyeniuliza kitu. Walizika mimi nikisugua sufuria. Baadaye bibi mmoja aliyekuwa anamenya ndizi akanitazama kwa muda mrefu akauliza, "Wewe ndiye yule wa stima?" Nikasema ndiyo. "Mos," akanipa pole, akanisogezea kigoda. Ule upole ulinimaliza. Nililia hapo kama mtoto, povu la sabuni mikononi.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta mwalimu. Alikuwa amekaa peke yake chumbani, alama nyekundu chini ya taya. Nikamwambia kila kitu. Nikamwambia kuhusu kipimo cha saba. Nikamwambia hata kuhusu mandazi, kwa sababu nilitaka anikasirikie kiasi kinachonifaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanigusa bega mara moja, akageuza uso akaangalia ukuta. Nikatoka.

Jumapili nilienda kwa Ouma kama ilivyopangwa. Sikuwa na hamu ya kuishi, acha kwenda, lakini kuna wenzangu waliokuwa wanataka kuagiza kwa neno langu. Nikaunganisha balbu ndogo, nikaweka volti saba, nikamwambia Ouma achomoe pawa ukutani na kuirudisha. Akachomoa, akarudisha. Balbu ikalipuka mara ya kwanza kabisa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuteremka ngazi kwenda kunywa chai. Ouma akaishika ile karatasi yangu ya vipimo, niliyokuwa nimeibandua ukutani nikaja nayo, akaitazama upande huu na upande ule.

"Lakini hapa uliweka tiki," akasema.

"Niliweka."

"Kwa nini?"

Nikawaambia. Hakuna aliyecheka. Ouma akaikunja karatasi akanirudishia, na tangu siku hiyo hakuna mtu kwenye kikundi aliyeniita tena Madam Vipimo, wananiita tu Madam, na mimi naona wanavyokuwa waangalifu wasilitaje lile lingine.

Tochi ya mwalimu niliifungua nyumbani, ndani ilikuwa nyeusi, hakuna cha kuokoa. Akoth akahangaika na hospitali mpaka ikapatikana nyingine, lakini ilichukua zaidi ya mwezi, na mwezi huo wote mwalimu alikaa katika nyumba ambayo sasa ilikuwa kimya kwelikweli. Nilikuwa naenda kila nilipoweza. Nachota maji, nafagia, naketi. Akoth alinizoea tena polepole, ananipa chai, lakini bado anaiweka mezani badala ya kunipa mkononi.

Siku ile kifaa kipya kilipofika nilikuwepo. Mwalimu akakijaribu, akaita jina la binti yake, akaita la mbwa. Sauti ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ile ya kwanza. Akoth alipoenda jikoni nikajikaza nikamuuliza kile ambacho kilikuwa kinaninyima usingizi.

"Mwalimu, pale kwa benchi, nje ya hospitali. Mama alikuambia nini?"

Akanitazama. Akapeleka kifaa chini ya taya, akakishikilia hapo bila kubonyeza, nikadhani labda kimeharibika nacho. Kisha akabonyeza.

"Ilikuwa ya kusemwa siku ile, nyathina," akasema, akakiweka mezani.

Sikuuliza tena na sitauliza. Bado napima vifaa vya watu, siwezi kuacha, ndicho kitu pekee ninachokijua. Lakini mtu akiniuliza kama kitu ni salama, namtajia nilichokipima na nisichokipima, na nisichokipima nakitaja kwanza, hata watu wakiwa wamesimama wananingoja, hata nikionekana sijui kazi yangu, hata anayeningoja akiwa mtu ninayempenda. Akiwa huyo, hasa.